Asali, makaa ya mawe na mzee wa miaka 112

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Tangu niingie naona mnaitazama hii glasi. Ni maji ya moto na kijiko cha asali, basi. Ndicho kinywaji alichokuwa akikitaja John Evans wa Swansea, kule Welisi (Wales), sehemu ya Uingereza, watu walipomuuliza amewezaje kuishi vile. Maji ya moto na asali kila siku. Pombe hagusi, tumbaku hagusi, kamari hachezi, matusi hayamtoki. Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1877, akafariki tarehe 10 Juni 1990. Ukipiga hesabu ni miaka 112 na siku 295.

Mtu akisikia hivyo anakwenda moja kwa moja kutafuta asali. Nunueni, mimi sina ugomvi na wafuga nyuki. Lakini naomba leo tuiache glasi ipoe kidogo, tumtazame mzee mwenyewe. Maana huyu hakuwa mtawa wa mlimani, ale mboga, avute hewa safi. Alikuwa mchimba makaa ya mawe, na mgodini alikaa miaka 60.

Mjue kazi yenyewe. Wakati wa baridi, mchimba makaa wa enzi zile alishuka kabla ya kupambazuka na kupanda kumeshakuwa giza, jua akaja kuliona Jumapili. Huko chini mahali pengine tabaka la makaa halizidi kimo cha meza hii, kwa hiyo mtu analala ubavu na kupiga sururu hivyohivyo. Vigari vilivutwa na farasi wadogo, na wengi wao hata zizi lilikuwa hukohuko chini. Jioni, beseni la bati linawekwa mbele ya moto, mke anachemsha maji, mume anaoga palepale jikoni. Na wako waliokataa kabisa kuoshwa mgongo! Waliamini maji yanaulegeza, na mgongo ukilegea kesho utabeba nini?

Vumbi nalo liliingia mapafuni na halikutoka. Wengi walifika miaka 50 wakipanda ngazi ya nyumba yao kwa vituo. Wengine hawakufika hata huko: tarehe 14 Oktoba 1913 mlipuko wa mgodi wa Senghenydd uliua wachimbaji 439 asubuhi moja. John wakati huo alikuwa na miaka 36, mchimbaji kama wao, ila wa eneo jingine. Mwaka huohuo migodi ya Welisi Kusini ilitoa tani zipatazo milioni 57, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia tena.

Makaa hayo yalikwenda wapi? Mengi yalikwenda kwenye meli. Jeshi la Majini la Uingereza liliyapenda makaa ya Welisi kwa sababu yana moto mkali na moshi haba, meli haijiumbui kwa mbali. Wazee wa Unguja watanisamehe kwa kuwakumbusha: tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipolipiga mizinga kasri la Sultani, kwa muda usiofika hata saa moja, John alikuwa na miaka 19 na siku nane. Sisemi makaa ya meli zile aliyachimba yeye. Nasema tu kwamba kijana huyo alikuwa shimoni zamani hizo, na Nelson Mandela alipotoka gerezani Februari 1990 alikuwa bado hai.

Sasa turudi kwenye glasi. Kutokunywa, kutokuvuta, kutokutukana: hayo hakuyabuni John. Welisi aliyokulia ilikuwa nchi ya makanisa madogo yenye wahubiri wakali, na mwaka 1881, akiwa mtoto wa miaka minne hivi, sheria ikapitishwa kufunga baa zote za Welisi siku ya Jumapili. Waliokua na maadili yale walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi wao wamezikwa wakiwa na miaka 45, mapafu meusi. Tukimuuliza siri mmoja aliyebaki, tunakuwa hatujawauliza wale waliofanya vilevile wakafa. Wao nani anawauliza?

Mimi naona tumtazame kwa upande mwingine. Kwanza, tunaujuaje umri wake? Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema alizaliwa "mwaka wa nzige", na nzige, kama mjuavyo, wamekuja miaka mingi. Kwa John kulikuwa na karatasi. Welisi ilianza kusajili vizazi mwaka 1837, na tangu 1875 mzazi asiyeandikisha mtoto alitozwa faini. Sisi wazee wa umri ule tunao, nina hakika, ila tumewaacha waishi kwenye miaka ya nzige, tukija kuwataja hakuna anayetuamini.

Pili, pensheni. Sheria ya mwaka 1908 iliyosimamiwa na Lloyd George, waziri wa fedha aliyekulia katika Kiwelisi, ilimpa mzee maskini wa miaka 70 hadi shilingi tano kwa wiki, kuanzia tarehe 1 Januari 1909. Shilingi tano si utajiri. Lakini mzee mwenye shilingi tano mkononi haombi hela ya chumvi kwa mkwewe, na hapo ndipo kujitegemea kunapoanzia. Huyu John mwenyewe alipoiacha sururu alikuwa ameshavuka hiyo miaka 70.

La tatu ndilo linalonifurahisha zaidi. Akiwa na miaka 108 moyo ulianza kusuasua, na madaktari wakampandikizia kile kifaa kidogo kinachoongoza mapigo ya moyo. Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hicho mwilini aliwekewa huko Sweden mwaka 1958; siku hiyo John alikuwa na miaka 81. Maana yake ni kwamba dawa ya moyo wake ilibuniwa naye ni mzee tayari! Na ilimkuta katika nchi ambayo, tangu tarehe 5 Julai 1948, mgonjwa haulizwi pesa mlangoni mwa hospitali. Mpango huo ulijengwa na Aneurin Bevan, Mwelisi wa Tredegar, ambaye naye aliingia mgodini akiwa na miaka 13. Naomba mnisikilize hapa: hakuna daktari aliyesema "huyu ana miaka 108, mrudisheni nyumbani akapumzike". Ninyi na mimi tunajua ni wazee wangapi wa miaka 70 tu wanaoambiwa maneno hayo, tena na watoto wao.

Mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Yamemkuta.

Nimalizie na safari. Mzee huyu aliishi maisha yake upande huohuo wa Swansea, na reli ilikuwa imefika mji huo mwaka 1850, miaka 27 kabla hajazaliwa. London si mbali, ni mwendo wa saa chache kwa treni. Hakuwahi kwenda. Kazi, watoto, kanisa, Jumapili ya kuliona jua. Alipotimiza miaka 110, ndipo alipopanda treni akaenda kuiona London kwa mara ya kwanza.