Mlima Ni wa Nani?

Hamjambo nyote. Walionisikia kabla ya leo wanalijua swali langu, na leo nalirudia: ndege ikishaiacha ardhi, katika zile dakika chache za mwanzo, mlima ulio mbele ni wa nani? Wa rubani au wa mwongoza ndege? Kila nikiuliza hivi, marubani huwatazama waongozaji, na waongozaji huwatazama marubani. Tazameni, mmeshaanza.

Nitawapa kisa cha Brown Field, kiwanja kidogo cha San Diego, Marekani, karibu kabisa na mpaka wa Mexico. Mashariki yake kuna mlima Otay, na kilele chake kinapita futi 3,500. Machi 16, 1991, usiku mkuu, jeti ndogo ilikuwa ikiwachukua wanabendi wa mwanamuziki Reba McEntire. Rubani hakukurupuka. Alipiga simu kituo cha huduma za marubani kuulizia namna ya kuondoka, tena zaidi ya mara moja. Alitaka apae kwa kuona kwa macho, kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kwa kufuata vipimo vya ndege badala ya macho, akichukue akiwa hewani. Akasema atabaki chini ya futi 3,000, asije akaingia anga linalodhibitiwa la San Diego bila ruhusa. Aliyekuwa upande wa pili wa simu akaafiki. Anga walilikumbuka, ardhi iliyo chini ya anga haikupewa uzito wake. Jeti iliupiga mlima kwenye futi kama 3,300. Watu 10, hakupona hata mmoja.

Sasa ngojeni. Oktoba 24, 2004, kiwanja kilekile, usiku tena. Learjet, jeti ndogo ya kubeba wagonjwa: mgonjwa ameshafikishwa, marubani wawili na wahudumu watatu wanarudi kwao Albuquerque. Nao wakapaa kwa macho, wakitarajia kibali wakiwa juu. Safari hii waliongea na mwongozaji wa rada. Akawaona kwenye kioo chake, akawapa mwelekeo wa 020, yaani nyuzi 20 mashariki ya kaskazini, akawaambia waendelee kuruka kwa macho. Mwelekeo ule ulikuwa wa mlimani. Kompyuta ikatoa onyo kwamba ndege iko chini mno, na onyo lile halikuwafikia marubani. Watano wakafia kwenye mlima uleule.

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali, waliwaweka marubani mbele: hawakujiepusha na ardhi. Wakataja uchovu. Kisha wakasema jambo ambalo kila mwongozaji hapa inafaa alijue kama jina lake: kwa kutoa mwelekeo ule, mwongozaji aliliondoa jukumu la kuukwepa mlima mikononi mwa marubani akalitia mikononi mwake, na hakulitimiza.

Yuko anayesema moyoni, "Kapteni, hayo ya Marekani, sisi vilima vyetu twavijua." Wavijua mchana wa Januari, kaskazi ikivuma na anga limetakata. Je, asubuhi ya vuli, Shimba Hills zimejifunga kilemba cha wingu, nawe umetoka Ukunda, kiwanja cha hapa Diani, na abiria wanaowahi Maasai Mara? Oktoba 28, 2025, Caravan, ndege ndogo ya abiria, iliondoka Diani kwenda huko huko Mara. Ikaanguka Tsimba Golini, Kwale, na wote 11 wakafariki. Sababu siitaji, kazi hiyo ina wenyewe. Nasema tu kwamba kutoka ufuoni hadi vilima vile si mbali, na vinapanda zaidi ya mita 400.

Kwa hiyo hesabu ifanywe chini, injini haijawashwa. Kipimo cha kawaida cha kimataifa cha kupaa ni asilimia 3.3, yaani futi 200 kwa kila maili ya baharini. Kwa maili, jamani, si kwa dakika! Hapa ndipo wanafunzi wanaponichosha. Ukienda noti 120, yaani maili 120 za baharini kwa saa, juu ya ardhi, wamaliza maili mbili kila dakika, basi wahitaji futi 400 kwa dakika. Upepo wa baharini ukikusukuma mgongoni kwa noti 20, wahitaji karibu 470. Sasa jaza viti vyote, tia na joto letu la saa nane mchana, kisha uniambie kama ndege yako inazo.

Kiwanja kikiwa na utaratibu wa kuondoka uliochapishwa, fuata huo. Kama hakina, na vidogo vingi havina, panga wako: geukia baharini, panda ukizunguka hadi ufike urefu salama, ndipo uelekee bara. Mtaniambia mafuta. Ndiyo, yataliwa, na abiria watachelewa dakika kadhaa. Mwenye ndege akinuna, na anune.

Nanyi waongozaji: ukishaipa ndege mwelekeo, mlima umeuchukua. Kabla hujaitamka ile namba, angalia urefu salama wa eneo lile. Kama huwezi kumvusha, mwambie wazi kwamba kuepuka ardhi ni juu yake mpaka afike futi kadhaa, umtajie ngapi. Ni sentensi moja tu. Rubani naye akisikia "nakuona kwenye rada" asidhani amebebwa. Kama mwelekeo unamtia shaka, aulize palepale redioni: huu unanivusha kilima?

Nilikuja na mengi kuhusu Wilson, kiwanja cha Nairobi, Machi 5, 2024, pale Dash 8, ndege ya abiria iliyokuwa ikija huku Diani ilipogongana na Cessna ya mafunzo, na wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafa. Anayeondoka na anayezunguka kiwanja kwa mazoezi wanagawana anga lilelile dogo, na hilo lataka mhadhara wake. Naona naonyeshwa saa. Basi mwenye swali aanze na hilo la Wilson, na waongozaji msiwaachie marubani kipaza sauti peke yao.