Moscow Iliyopigwa Picha Helsinki

Asanteni. Leo tunajifunza kutambua magari ya Kisovieti kwenye filamu za zamani. Naomba taa zizimwe, tuanze na hii picha.

Gari la pembe nne, taa mbili za duara mbele. Nasikia mnasema Lada. Ngojeni kwanza. Sura hii ilizaliwa Italia mwaka 1966, ikiitwa Fiat 124. Mwaka huohuo Fiat na Wasovieti wakakubaliana kujenga kiwanda, na mwaka 1970 magari ya kwanza yakatoka Tolyatti, mji uliopewa jina la Palmiro Togliatti, mkomunisti wa Italia. Ila Wahispania nao waliliunda kama Seat 124, na Waturuki wakaliita Murat.

Basi msikimbilie nembo. Kwenye filamu kuukuu nembo ni ukungu mtupu. Tazameni vitasa vya milango. Vya Fiat vimetokeza, vina kitufe cha kubonyeza. Vya Lada vimezama ndani ya bodi, unaingiza vidole na kuvuta. Mimi naiamini alama hii kuliko bampa, maana bampa hubadilishwa na fundi yeyote.

Halafu nguzo ya paa, nyuma ya dirisha la abiria. Ukiona vipenyo vya hewa pale, hiyo ni 21011, toleo la Lada lililoanza 1974. Mwongozaji akidai hadithi yake ni ya 1971, mcheke kidogo.

Volga GAZ-21, gari jingine la Kisovieti, haisumbui hivyo. Shoo, yaani wavu wa mbele wa gari, yenye nyota ni ya miaka ya mwanzo, hadi 1958. Yenye fito nyembamba zilizosongamana ilianza 1962 na kuendelea hadi 1970. Ya katikati wapenzi wa Volga huiita papa, na ukiiona hutauliza kwa nini.

Sasa utamu wenyewe. Turudi kwa Lada: nyumbani kwa Wasovieti gari lile liliitwa Zhiguli. Lada lilikuwa jina la kuuzia nje. Enzi za Vita Baridi, watengeneza filamu wa Magharibi waliotaka Moscow ya kijasusi hawakufunguliwa mlango, wakaenda Helsinki. Katikati ya mji ule kumejaa majengo ya Carl Ludvig Engel, ya wakati Finland ikiwa chini ya Urusi, na kamera hudanganyika. Tena Wafini walikuwa wakinunua Pobeda, Moskvich, Volga na Lada kutoka kwa jirani yao, hivyo magari yalikuwa palepale mtaani. Filamu ya Gorky Park ya 1983 ilipigwa huko. Kwa hiyo Zhiguli ya polisi wa “Moscow” ikigeuka, angalia mlango wa buti: herufi za Kilatini, badala ya za Kirusi, zitakuambia gari lilivuka mpaka.

Ndiyo, mzee wa kule nyuma? Kweli kabisa, Pobeda ina pacha Poland, Warszawa, iliyoundwa kwa leseni tangu 1951. Mwaka 1964 Warszawa ikapata buti lililochomoza, hapo hakuna utata. Za kabla ya hapo zinatoa jasho; mimi huanza na namba za gari, kisha mabango ya maduka.