Peter Jackson, winga wa Coventry

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Leo nimemchagua Peter Jackson, winga wa kulia wa klabu ya raga ya Coventry, mzaliwa wa Birmingham mwaka 1930. Ungemwona uwanjani ungesema huyu katoka kitandani kuugua. Uso umempauka, hana haraka. Mabeki wengi walidanganyika hivyo hivyo.

Twende moja kwa moja Twickenham, uwanja wa raga wa Uingereza jijini London, tarehe 1 Februari 1958. Uingereza wanacheza na Australia. Phil Horrocks-Taylor wa Uingereza kaumia, katoka, na enzi hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba: ukiumia, wenzako wanabaki pungufu. Basi wako 14 dhidi ya 15. Matokeo ni 6-6, muda wa kawaida umeshakwisha, zinachezwa dakika za nyongeza.

Mpira unamfikia Jackson pembeni. Mbele yake yuko Rod Phelps wa Australia. Jackson anajipinda kama anaingia ndani, Phelps anafuata, kumbe mwenzake kesharudi nje. Amebakiwa na kijia chembamba kati ya beki na mstari; nadhani hata mbuzi angesitasita kupita hapo. Beki wa mwisho, Terry Curley, anamrukia. Jackson naye anajirusha, anaugusisha mpira chini kwenye kona. Trai! 9-6. Trai, yaani bao la kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli, wakati huo ilikuwa pointi 3 tu.

Tena hakuna aliyelipwa. Raga yao ilikuwa ya ridhaa: Jumamosi unashangiliwa na maelfu, Jumatatu unarudi kazini.

Mwaka mmoja kabla, chini ya nahodha Eric Evans, Uingereza walikuwa wamewafunga wote katika Mataifa Matano, mashindano ya kila mwaka ya Uingereza, Scotland, Wales, Ireland na Ufaransa, jambo ambalo hawakulifanya tangu 1928. Jackson alikuwemo. Aliichezea nchi yake mechi 20, hadi 1963.

Lakini mimi napenda ziara ya 1959 ya Lions, timu ya pamoja ya wachezaji bora wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. Kule Dunedin, Lions walifunga trai 4, New Zealand hawakufunga hata moja, na Lions wakashindwa 18-17! Don Clarke wa New Zealand alifunga penalti 6, kila moja pointi 3. Hadi leo inauma, na mimi si Mwingereza.

Mechi ya nne dhidi ya New Zealand, Auckland, Lions wakafunga trai 3, moja ya Jackson. 9-6 tena. Mwishoni Clarke akapata penalti ya kusawazisha. Safari hii akakosa.

Haya, maswali. Naona mzee pale nyuma ameshainua mkono.