Umepima kwa Muda Gani?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioketi sakafuni kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Nikiwa pale mlangoni nimeulizwa: kati ya upepo wa baharini, mawimbi na mkondo wa maji, kipi kina nishati nyingi zaidi? Sikujibu, na haikuwa jeuri. Mtu akiniletea namba ya bahari, namuuliza kwanza amepima kwa muda gani. Na muda unaotosha kwa kimoja hautoshi kwa kingine.

Nianze na upepo, maana ndio uliowaponza wengi. Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Sasa chukueni sehemu mbili za bahari. Ya kwanza inavuma mita 8 kwa sekunde usiku na mchana, haibadiliki. Ya pili, nusu ya mwaka ni mita 4 na nusu nyingine ni mita 12. Wastani wa zote mbili ni 8, na mwenye haraka ataandika kwamba zinalingana. Pigeni hesabu. Kipeo cha tatu cha 8 ni 512. Cha 4 ni 64, cha 12 ni 1,728. Jumlisha, gawa kwa mbili, unapata 896. Ile ya pili imeizidi ya kwanza kwa robo tatu, na wastani umenyamaza kimya. Wala msishangilie mapema. Mitambo mingi ya umeme wa upepo hufika kilele kwenye mita 12 au 13 hivi, na upepo ukifika 25 hujizima isije ikavunjika. Kwa hiyo tunachotaka ni daftari la saa: ni saa ngapi kwa mwaka upepo ulikuwa 5, ngapi ulikuwa 9, ngapi ulikuwa 14.

Daftari hilo linatoka wapi? Setilaiti husaidia, lakini kumbukeni inachokiona: vijiwimbi vidogo vinavyokwaruza uso wa bahari. Kutokana na hivyo inakisia upepo wa mita 10 juu ya maji, na mapanga ya mtambo yanazunguka mita 100 na zaidi. Ndiyo maana siku hizi tunaelekeza macho kwenye lida, chombo kinachowekwa juu ya boya, kikirusha miale ya leza juu na kusoma kasi kutoka kwenye vumbi na chembe zinazopeperushwa. Kikikaa mwaka mmoja kitakupa misimu yote. Ila mwaka mmoja unaweza kuwa mwaka mbaya, au mzuri kupita kiasi, na hilo la pili ndilo la hatari. Kwa hiyo tunaulinganisha mwaka wetu na kumbukumbu ndefu za hewa zilizojengwa upya kwa kompyuta. Ile inayotumika sana, ERA5 ya Ulaya, inarudi nyuma hadi 1940. Boya peke yake halijui kama limeshuhudia jambo la kawaida.

Mawimbi nitayapitia upesi. Kanuni ya mfukoni ni hii: kimo cha wimbi kwa mita, zidisha kwa kimo hicho hicho, zidisha kwa sekunde kati ya wimbi na wimbi, gawa kwa mbili. Unapata kilowati kwa kila mita ya upana wa wimbi. Mita 2 kwa sekunde 8 ni kilowati 16. Dhoruba ya mita 10 kwa sekunde 14 ni 700! Mnaona mtego ulipo. Siku chache za dhoruba zinapandisha wastani wa mwaka mzima, na siku hizo ndizo mtambo umejikunyata ukiomba usalimike. Mimi wastani wa namna hiyo nauita mali ya ndotoni.

Mkondo wa kupwa na kujaa ni habari nyingine, na nakiri ndio ninaoupenda. Maji ya bahari ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800. Mkondo wa mita 2.5 kwa sekunde, ambao mtu akikimbia kidogo anaupita, una nguvu sawa na upepo wa mita 23 na ushei. Tena una ratiba. Mwezi unavuta kila saa 12 na dakika 25, jua kila saa 12. Wakikubaliana ni bamvua, maji yakijaa na kupwa sana; wakipingana ni maji mafu, yakijaa na kupwa kidogo. Kama mkondo wa bamvua ni mara mbili ya ule wa maji mafu, nguvu yake ni mara nane. Lakini unajulikana! Pima mwezi mmoja vizuri, utatabiri miaka mbele. Mwanafizikia Kelvin alifanya hivyo kwa magurudumu ya shaba miaka ya 1870, kabla ya kompyuta yoyote. Kasoro ni mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6, unaoyumbisha mvuto wake mkuu kwa asilimia 4 hivi, yaani asilimia 12 ya nguvu.

Basi mbona namba za mkondo hutofautiana sana? Kwa sababu wengi wanapima maji yanayopita, kisha wanadhani ndiyo yatakayochukuliwa. Mnamo 2005 watafiti Garrett na Cummins walionyesha kwamba katika mlango wa bahari kila mtambo unaouongeza unaupunguza mkondo wenyewe. Ukivuna kiasi cha juu kabisa, kasi iliyobaki haifiki robo tatu ya ile ya awali. Mtambo mmoja zaidi, na wote mnapata kidogo. Upepo nao una mkia wa namna hii: mashamba ya mitambo yaliyo nyuma hupokea hewa iliyochoka.

Kwa hiyo ripoti ya kweli haitoi namba moja. Inatoa ile yenye uwezekano nusu kwa nusu kupitwa, na nyingine ndogo zaidi, yenye uwezekano wa asilimia 90. Mhandisi hujivunia ya kwanza. Benki huanza kusoma kwenye ya pili, na pengo kati yake ndilo linalojibu swali langu: umepima kwa muda gani?