Kabla Hujashika Tupa

Wanachama wenzangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie vilengeo vya chuma, yaani vile vyuma viwili vya kulengea juu ya mtutu, vya bunduki za zamani za kijeshi, nami nitaanza na ujinga wangu mwenyewe. Bunduki yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa Mosin-Nagant 91/30, ya Kirusi. Kwa mita 100 ilipiga juu ya alama, kama sentimita 15 hivi. Nikachukua tupa, nikaifupisha ncha ya kilengeo cha mbele. Niliporudi uwanjani, risasi zikapiga juu zaidi! Chekeni tu, nimezoea.

Kilengeo cha mbele ni mkaidi. Ukikisogeza kushoto, risasi inahamia kulia. Ukikifupisha, unalazimika kuinua mtutu ili ncha ionekane tena kwenye pengo la kilengeo cha nyuma, na risasi inapanda. Cha nyuma ni mtiifu: unakokipeleka, ndiko risasi inakokwenda.

Kiasi cha kusogeza hakikisiwi. Chukua kosa lako shabahani, zidisha kwa umbali ulio kati ya vilengeo viwili, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha. Kwangu, vyote kwa milimita, ilikuwa 150 mara 620, gawanya kwa 100,000: milimita 0.93. Nilihitaji ncha ndefu zaidi kwa karibu milimita moja, nami nilikuwa nimeikata! Wengi huvalisha ile ncha kipande cha ganda la waya wa umeme, wakakipunguza kidogo kidogo kwa wembe. Chuma kinabaki salama.

Lakini swali lenyewe ni hili: kwa nini ilipiga juu? Tunadhani bunduki imeharibika, kumbe ilipangwa kwa kazi nyingine. Mosin ya jeshi la Kisovieti ililinganishwa ikiwa na singe mdomoni. Sisi tunaivua singe, mtutu unatikisika kwa namna nyingine, halafu tunalaumu kiwanda. Zile za kabla ya mabadiliko ya 1930 zina, kwenye kilengeo cha nyuma, namba za umbali za arshini, kipimo cha Kirusi cha sentimita 71. Ukizisoma kama mita, utapotea.

Mjerumani naye alipobadilisha risasi za bunduki yake ya Mauser, Gewehr 98, mwaka 1905, kilengeo chake cha nyuma kilianzia mita 400. Chini ya hapo hakuna alama. Ukipiga mita 100 nayo, risasi inapita juu kwa shibiri au zaidi. (Mauser za namna hiyo zilifika hata kwetu: meli ya Rubens ilizileta Ghuba ya Manza, Tanga, Aprili 1915. Kabla ya hapo askari wengi wa Kijerumani walibeba bunduki za 1871, ambazo moshi wake ulimtangaza mpigaji.) Kar98k, Mauser fupi ya baadaye, ilishushwa hadi mita 100.

Lee-Enfield namba 4 ndiyo niipendayo. Waingereza walitengeneza vilengeo vya mbele vya urefu mbalimbali, fundi akachagua kinachofaa bunduki ile. Tafuta kirefu au kifupi, badilisha, basi.

Kwa kushoto na kulia, kilengeo cha mbele hukaa ndani ya mfereji na husogezwa kwa kugongwa. Hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, kisha hakikisha tena. Chora mstari wa penseli kwanza ili ujue kilikuwa wapi. Tumia pini ya shaba, maana ya chuma inakwaruza. Gonga kidogo, piga risasi tano ukiwa umeegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, zote za aina moja, ndipo uamue. Risasi moja iliyopotoka isikufanye ushike nyundo.

Na kabla ya yote hayo kaza skrubu za kitako. Nimeona mtu akihangaika na kilengeo wiki nzima, kumbe skrubu ya nyuma inazunguka kwa kucha.

Ile ncha niliyoikata ninayo hapa, kwenye kiberiti. Ipitisheni, kila mtu aione. Mzee wa nyuma pale, nimeuona mkono wako, uliza.