Cheti cha Mbwa Kisomwe kwa Majina Yanayojirudia

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitikia mwito. Najua kwa wengi wenu mbwa ni wa uani, sebuleni haingii, na hilo halituharibii mazungumzo. Kuanzia Nyali hadi Mtwapa mbwa wa ulinzi wamejaa, na mnunuzi huonyeshwa cheti cha ukoo cha German Shepherd, chenye majina ya wazazi na mababu zake, akaambiwa, "Huyu damu safi, mzee." Sawa, lakini imesafishwaje?

Ukipewa cheti, tafuta jina linalojirudia. Babu mzaa baba akiwa ndiye babu mzaa mama, basi wazazi wamechangia baba. Mtoto wao ana kipimo cha undugu cha asilimia 12.5, yaani ndio uwezekano wa kurithi nakala mbili za jeni moja ile ile ya babu huyo. Baba akipandishwa kwa bintiye, au ndugu wa baba na mama mmoja wakipandishwa, ni 25. Wazazi wakichangia babu mmoja badala ya baba, ni kama 3 tu. Wafugaji hupenda kusema, "Mimi sizalishi ndugu, nafuata ukoo," yaani hupandisha jamaa wa mbali kidogo. Kwangu mimi njia ni ile ile, mwendo tu ndio wa pole.

Si kwamba haina faida. Max von Stephanitz alipoanzisha kabila la German Shepherd kwa dume lake Horand huko Ujerumani mwaka 1899, damu ya karibu ndiyo iliyoshikisha umbo na tabia. Lakini kasoro nayo hushika. Ndugu kuzaana hakuumbi ugonjwa. Hukutanisha nakala mbili za jeni ya ule uliojificha. Klabu ya mbwa ya Uingereza iliacha kuwaandikisha watoto wa mzazi na mwanawe, au wa ndugu kamili, mwaka 2009.

Damu ya mbali je? Tazameni Dalmatian, yule wa madoadoa. Mkojo wake ulijaa asidi ya yuriki, madume wakapata mawe kwenye kibofu, na jeni ya kawaida ilikuwa imetoweka katika kabila zima. Ungechagua nini, na wote ni wale wale? Mwaka 1973, Robert Schaible wa Marekani alimpandisha Dalmatian kwa Pointer, mbwa wa kabila jingine la kuwindia, mara moja tu. Watoto wenye mkojo wa kawaida wakarudishwa kwa Dalmatian, kizazi baada ya kizazi, hadi madoa yakarudi. Wenye klabu ya Dalmatian wakapinga kwa miaka mingi. Daftari la klabu ya mbwa ya Marekani liliwafungulia mlango 2011. Ukaidi wa watu, huo hauna chanjo.

Kuchanganya makabila kiholela ni jambo jingine. German Shepherd na Labrador wote huugua nyonga, kwa hiyo chotara wao hana kinga yoyote hapo.

Sisi hapa madume ni wachache, na dume likisifiwa kila jike hupelekwa kwake. Miaka michache baadaye, mchumba wa mbwa wako ni nduguye. Kabla ya kulipia, omba picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili, zilizopigwa wakiwa wamekomaa. Mwenye cheti chake akilete hapa mezani, tukisome kabla ya maswali.