Hapana, sijachoma sindano ya kupungua: kiangazi changu cha Mwanza

Haya ndugu zangu, habari za huko. Wa Kitangiri, wa Pasiansi, wa Nyakato, wa Igoma, nawaona wote. Leo sijapaka kitu usoni na taa yangu moja imeungua, mtanivumilia. Nimewasha kamera kwa sababu komenti zimezidi. Tangu nirudi huku Tampere, Finland, kila video swali ni lile lile: dada umefanyaje? Umekunywa dawa gani? Mbona umepungua, mbona ngozi imetakata, mbona siku hizi unacheka? Mmoja kaandika, "Huyo kapata mzungu mwenye hela." Mwenzake kamjibu, "Mzungu gani, hiyo ni sindano."

Sijachoma sindano. Mzungu mwenye hela mkimwona mniletee.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nawajua. Nikisema nilikaa Mwanza kiangazi chote, nitaambiwa najisifu, watu wanahangaika na ada za watoto, mimi nahesabu mawimbi ya ziwa. Nikisema nilikwama, sina kazi, sina kadi, nitaambiwa nalia njaa na ilhali niko Ulaya. Basi nasema yote mawili, kila mtu achukue la kunisemea.

Mama yangu alianguka mwezi wa tano akavunjika nyonga. Hapo sielezi sana, mtoto wa nje akipigiwa simu ya aina hiyo haulizi bei ya tiketi. Mwanzoni mwa mwezi wa sita nikawa Kitangiri. Sasa, wakati naondoka, kadi yangu ya ukaazi ilikuwa imebakiza wiki chache, na maombi ya kuiongeza nilishapeleka na kuyalipia. Wenzangu wa makaratasi mnanielewa: kulipia ni jambo moja, kuishika kadi mkononi ni jambo jingine kabisa. Ya zamani ikaisha muda niko kwa mama. Mpya ilipotoka ikatumwa kwa kampuni ya vifurushi, jina silitaji, msije mkaniletea kesi. Kwenye simu naambiwa mzigo umefika. Naenda, naambiwa haujafika. Narudi baadaye, naambiwa ulifika ukarudishwa kwa kuwa mpokeaji hakupatikana. Mpokeaji ni mimi, nimesimama dirishani, namba ya mzigo iko mkononi! Wakataka barua ya serikali ya mtaa. Nikaleta. Wakasema jina la kati kwenye barua lina herufi moja tofauti na la kwenye pasipoti. Jamani, Msukuma gani ambaye jina lake halijawahi kuandikwa namna tatu? Kwenye cheti cha ubatizo hivi, shuleni hivi, kwenye kadi ya kliniki nesi kaandika alivyosikia.

Na kuna watu watakaoniambia Mwanza na Tampere ni miji dada tangu 1988. Najua. Huo udada sikuuona pale dirishani.

Huku nako mkataba wangu wa kazi kwenye nyumba ya wazee ulikuwa wa muda, ukaisha mwezi wa saba, hawakuongeza. Sijawalaumu, mtu hayupo kazini utamwongezea nini. Lakini piga hesabu mwenyewe: nauli imekula akiba, hospitali imemalizia iliyobaki, na pango la chumba cha Tampere linaendelea kukatwa kwenye akaunti kila mwezi, chumba ambacho hakuna mtu anayelala.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo maana limenikaa rohoni. Katikati ya hayo yote nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Sikuombwa, niliingizwa. Kufungua orodha, nakuta jina langu na mbele yake ahadi ya laki tano. Nani aliahidi? Nikaandika kwa heshima kwamba nitatoa nitakachojaliwa. Mjomba mmoja, shikamoo mjomba kama unatazama, akajibu, "Kwani euro imeshuka?" Kundi zima likacheka. Na mimi niko kwenye kiti cha plastiki uani, nasubiri dada wa mtaa wa pili anirudishie elfu kumi yangu ninunue mkaa. Hiyo ndiyo diaspora yenu.

Turudi. Mwezi wa saba nilikuwa nalala hadi saa tano asubuhi. Naamka, nashika simu, naangalia wenzangu wa Tampere wanavyochoma soseji kando ya ziwa saa nne usiku jua bado liko juu. Watu wa huku wanasubiri miezi hiyo mwaka mzima, na mimi nilikuwa nimejipangia kiangazi hicho zamani. Kwa hiyo naangalia, naumia, naangalia tena. Chumba cha pili mama naye amelala. Mama alikuwa na sababu, mfupa wake ulikuwa unaunga.

Aliyenitoa hapo ni shoga yangu tuliyekaa dawati moja sekondari. Hataki kutajwa jina, hata sura hataki, hizi video anaziita umbea wa kulipwa. Anafanya biashara ya dagaa: ananunua wabichi mwaloni Igombe, pale mitumbwi ya uvuvi inapoegesha, anakausha hapo hapo, anapeleka Kirumba Mwaloni sokoni. Alikuja kumjulia mama hali, akanikuta nimelala mchana wa saa saba. Hakuniuliza nina nini. Alisema, "Kesho kabla jua halijatoka uwe Igombe. Msichana aliyekuwa ananisaidia kaolewa, na mikono ninayo miwili tu." Akaondoka. Hata chai hakunywa.

Nilienda kwa aibu tu. Ukweli ndio huo. Ningekuwa nimeambiwa "amka mapema ujisikie vizuri", nisingeamka. Nimeshajaribu hizo programu za simu zinazokupigia kengele na kukupa nyota, nikazizima zote. Lakini kuna mtu amesimama gizani na ndoo mbili, amebana khanga kiunoni, anaangalia barabara ya daladala kama ninashuka. Hiyo huwezi kuizima.

Sasa dagaa wengi wetu tunawajua wakiwa kwenye kisado, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Mitumbwi ya dagaa inatoka usiku wa giza. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Dagaa wanaifuata taa, nyavu inawazunguka. Alfajiri mitumbwi inaingia, na bei inapangwa hapo hapo kwenye maji, wanawake wameingia hadi magotini, kila mmoja anapiga kelele yake. Ukichelewa unapata waliopondeka. Wabichi wanang'aa, na hawanuki kabisa, harufu inakuja baadaye.

Shoga yangu anaanika kwenye chanja, miti na wavu juu yake. Wapo wanaoanika mchangani, ni rahisi zaidi, ila wanabeba mchanga, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Wa chanja ndio wa kuliwa na watu na ndio wenye bei. Kuwamwaga kwenyewe ni ufundi. Unachota kiganja, unarusha kama mtu anayewapa kuku mtama, ili kila mmoja alale peke yake. Mimi nilikuwa naacha marundo. Akanishika kifundo cha mkono akanionyesha: gumba linabana, vidole vingine vinaachia kimoja kimoja. Chini ya rundo dagaa hakauki, anaoza, na akioza anawaharibu na jirani zake. Halafu unasimama kuwafukuza yangeyange na kunguru. Jua likiwa kali unawageuza mchana, jioni unakusanya. Wingu likitokea upande wa ziwa, mwalo mzima unakimbia, hata wagomvi wanasaidiana kufunika.

Hiyo ndiyo dawa yangu ya kupungua: kusimama juani toka alfajiri, kuinama, kuinuka, kubeba ndoo. Na ngozi, jamani, ni usingizi. Ukiamka saa kumi, saa tatu usiku umezima bila kuomba. Simu siwezi kuishika, mikono imejaa magamba. Nilipoishika jioni nilikuwa nimechoka hata kuwaonea wivu watu.

Malipo? Mwanzo alinipa kitoweo, basi. Kitoweo na kikombe cha uji kwa mama ntilie. Baadaye akaanza kunikatia kidogo kwenye kila gunia, nikakataa, akaniuliza mimi ni tajiri wa wapi. Nikapokea.

Mbalamwezi ikiwa imejaa mitumbwi ya dagaa haiendi, taa hazina kazi. Siku hizo ndizo nilizofukuzia kadi yangu na kumpeleka mama kliniki. Na ndizo siku shoga yangu alizokuja nyumbani na kaunta buku lake. Yeye huandika kila shilingi, hata ya kununulia kiberiti. Akanifungulia ukurasa: hela iliyoingia, iliyotoka, ninaowadai. Halafu akachora safu ya nne, akaandika juu yake "nilizoahidiwa kutoa bila kuulizwa". Tulicheka mpaka mama akaita kuuliza kuna nini.

Mama mwenyewe alikuwa hataki mazoezi. Mimi nikimwambia, analia nyonga. Yule akija, anamsuka nywele, anamsimulia habari za mwaloni, halafu anasema, "Haya mama, twende tukamwone yule kuku." Mama anashika fremu yake ya chuma, anatembea mpaka kwenye mwarobaini. Akirudi ananitazama ananiambia, "Huyu ndiye mtoto. Wewe ni mgeni." Iliniuma, siwafichi. Lakini alitembea.

Kabla hamjaanza kuandika: hii ni yangu mimi. Simfundishi mtu maisha. Mimi nilikuwa na kwa mama pa kulala bure, sina mtoto wa kuandaa shule. Mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba hawezi kwenda kuanika dagaa wa mwenzake kwa kitoweo. Na aliye na sonona ya kweli, ile ya daktari, asiache dawa zake eti dada wa mtandaoni kasema aende Igombe. Nenda hospitali. Mimi nilikuwa nimevunjika moyo tu, na watu wawili walinihitaji asubuhi.

Mwingine ameuliza kwa nini sikuogelea, maji yale pale. Mdogo wangu, wewe si wa Mwanza. Kichocho. Konokono wake wako humo humo kwenye maji ya kandokando yenye majani. Sisi tulioingia magotini kwa ajili ya kazi tulijua tunachofanya, na mimi kabla ya kusafiri nilikwenda kupima nikapewa vidonge, unapimwa uzito kwanza ndipo wanajua wakupe vingapi.

Kadi ilipatikana mwishoni mwa mwezi wa nane. Ilikuwa ofisini kwao muda wote, kwenye kabati la mizigo iliyorudishwa. Sisemi zaidi. Dagaa wangu nilipita nao, na hilo nalo mmeuliza sana: samaki wakavu wa kula mwenyewe wanaruhusiwa kuingia Ulaya mpaka kilo 20, wanachokataa ni nyama na maziwa. Ila soma sheria mwenyewe kabla ya kufunga begi, usije ukanitukana uwanja wa ndege.

Huku nimepata zamu za kuitwa, leo ipo, kesho haipo. Wanaosema nimerudi kwenye neema, slipu ya mshahara nikiwaonyesha mtanichangia nyinyi. Lakini bado naamka mapema, kwa sababu shoga yangu anapiga simu saa kumi na mbili akiwa mwaloni. "Mwangaluka," anasema, ndiyo salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma, halafu ananitajia bei ya ndoo, ananiuliza jana nimetumia shilingi ngapi. Euro hataki kuzisikia, nabadilisha kwanza. Wakati wa kiangazi saa ya Tampere na ya Mwanza ni moja, kwa hiyo haikuwa shida. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wa kumi huku wanarudisha saa nyuma, saa kumi na mbili yake itakuwa saa kumi na moja yangu, na nje ni giza na baridi ya kugandisha mate. Nikamweleza taratibu, nikamwomba asogeze simu mbele kidogo mpaka mwezi wa tatu.

Akasema mitumbwi haina habari na saa za Tampere.